Mfaransa anayeimba jazz ugenini: riziki yake inatoka wapi?

Usiku wa tarehe 26 Julai 2024, mvua ikiwanyeshea watu jijini Paris, michezo ya Olimpiki ilifunguliwa kwa nyimbo. Lady Gaga, Mmarekani, aliimba kwa Kifaransa. Aya Nakamura, raia wa Ufaransa aliyezaliwa Bamako, aliimba na bendi ya kijeshi ya Walinzi wa Jamhuri. Céline Dion, Mkanada, akahitimisha kutoka mnara wa Eiffel kwa wimbo wa Édith Piaf. Miezi michache nyuma, iliposikika tu kwamba huenda Nakamura akapewa nafasi hiyo, palizuka ubishi mkali nchini humo, wengine wakidai kwamba huyo hauwakilishi muziki wa Kifaransa.

Ubishi huo unatokana na kufunga vitu vinne katika mzigo mmoja: pasipoti ya msanii, lugha anayoimbia, aina ya muziki wake, na mahali anapoishi. Kwa wasanii wengi vinne hivyo vinakwenda pamoja, hata hatujiulizi. Ukija kwa waimbaji wa jazz, mzigo unafumuka. Hapo ndipo maswali yanapoanza: huyu ni wa wapi hasa? Mbona nyimbo anazoimba si zake? Kwao walimkataa? Na anaishi kwa kula nini?

Nitamtumia mwimbaji wa jazz Cyrille Aimée kama mfano, kwa sababu maisha yake ya kazi yana karibu kila fundo tunalotaka kulifungua. Alizaliwa mwaka 1984, baba Mfaransa, mama kutoka Jamhuri ya Dominika. Amekulia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto Seine kusini mwa Paris. Anaimba kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Jina alilijengea New York, baadaye akaishi New Orleans, kisha akahamia Costa Rica. Ufaransa ni kwao, lakini ofisi yake haikuwa huko.

Kwanza tuelewane kuhusu jazz na blues

Mzee yeyote aliyecheza dansi Dar es Salaam miaka ya 60 na 70 atakuambia jazz anaijua vizuri. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz: majina yote hayo yalikuwa ya bendi za dansi, magitaa na tarumbeta na tumba, zilizochota zaidi kwenye rumba ya Kongo na santuri za Kuba kuliko kwenye muziki wa New Orleans. Jazz kwenye mabango yale ilikuwa alama ya usasa, na kwa hilo hazikumkosea mtu. Ila tukizungumza kuhusu Cyrille Aimée tunazungumzia kitu kingine.

Jazz hiyo nyingine ilizaliwa na Wamarekani weusi, New Orleans ikiwa kitovu chake, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake kubwa ni kwamba wimbo unajulikana, lakini namna ya kuupiga inabuniwa palepale, mbele ya watu. Wapigaji wanakubaliana mwendo, ufunguo (noti ambayo wimbo unajengwa juu yake) na mpangilio wa kodi (hizi za gitaa, si za TRA), kisha kila mmoja anapewa zamu ya kuuzunguka wimbo kwa njia yake.

Blues ni mama yake, au tuseme shangazi mkubwa, maana ukoo wenyewe una mabishano. Ilitoka kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu na watoto wa watumwa, na umbo lake la kawaida ni rahisi mno. Mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unakuja mstari wa tatu unaojibu. Ningeutunga mmoja kwa Kiswahili, ungekuwa hivi:

Mvua imenyesha usiku kucha, na paa langu linavuja,
Nasema mvua imenyesha usiku kucha, na paa langu linavuja,
Fundi nilishamlipa zamani, kila siku nasikia "nakuja".

Kila mstari unachukua vipimo vinne vya muziki, kwa hiyo ubeti mzima ni vipimo 12, na kodi zinazotosha ni tatu tu. Maneno hayajazi mstari wote. Mwimbaji akimaliza kusema lake, kinachobaki ni nafasi ya gitaa au kinanda kumjibu. Huzuni ipo, lakini sikiliza vizuri: kuna kejeli pia, na mara nyingi kuna kicheko. Anayedhani blues ni kilio tu hajamsikiliza mtu aliyeimba kuhusu kodi ya nyumba, na safari hii namaanisha kodi yenyewe.

"Mbona anaimba nyimbo za wenzake?"

Swali hili huulizwa sana, na msomaji aliyekulia kwenye bongo fleva ana haki ya kuliuliza. Kwetu msanii akiimba wimbo wa mwingine ataambiwa ameishiwa. Kwenye jazz ni kinyume: kuna hazina ya nyimbo mia kadhaa, nyingi zikiwa zimetungwa kwa ajili ya jukwaa la Broadway, yaani tamthilia za muziki za New York, na filamu za Hollywood kati ya miaka ya 1920 na 1950, ambazo kila mwanamuziki anatakiwa azijue. Ni kama pilau. Viungo vyake havina siri, kila nyumba inapika, lakini watu wakila wanauliza nani kapika, kwa sababu mkono wa mpishi ndio walioufuata. Ella Fitzgerald na Billie Holiday walijenga majina makubwa kwa nyimbo ambazo nyingi hawakuzitunga.

Kwa hiyo mwimbaji wa jazz na mwimbaji-mtunzi ni kazi mbili tofauti, ingawa mtu mmoja anaweza kuzifanya zote. Wa kwanza anauza mkono wake. Wa pili anauza mkono na mapishi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka utakapofika kwenye pesa, na huko tutafika.

Kuna na jambo la skati, pale mwimbaji anapoacha maneno na kuimba silabi zisizo na maana, akishindana na saksafoni kwa kasi na kwa kuruka noti. Wapo wanaodhani ni kuropoka tu. Anayefanya hivyo anafuata kodi zilezile zinazopita chini yake, kipimo kwa kipimo, na akipotea hata mpiga ngoma anajua. Cyrille Aimée ni hodari sana hapo. Jukwaani hutumia pia kimashine kinachonasa sauti yake na kuirudiarudia, akaanza na mdundo wa mdomo, akapandisha besi, akapandisha sauti za kuitikia, hadi mtu mmoja anakuwa kwaya. Kwa vile kila tabaka linarekodiwa palepale, kosa la kwanza litamfuata mpaka mwisho wa wimbo.

Mfaransa na jazz wapi na wapi?

Dhana nyingine: Mfaransa akiimba jazz anaiga cha Wamarekani, basi sharti alikwenda kukijifunzia kwao. Historia inasema mengine.

Mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, bendi ya kikosi cha 369 cha askari weusi kutoka Harlem, ikiongozwa na Luteni James Reese Europe, ilizunguka Ufaransa ikipigia wanajeshi na raia. Wafaransa waliokuwa hawajasikia mapigo ya namna ile walipagawa. Vita vilipokwisha wanamuziki weusi kadhaa wa Marekani waliona Paris wanaweza kuingia mgahawa kwa mlango wa mbele, wakabaki au wakarudi. Kufikia mwaka 1934 Ufaransa ilikuwa na jazz yake yenyewe: kundi la Quintette du Hot Club de France, lenye magitaa matatu, fidla na besi, bila ngoma wala tarumbeta.

Mpiga gitaa mkuu wa kundi hilo alikuwa Django Reinhardt, mtu wa jamii ya Wamanush, wahamaji walioishi kwenye magari yao ya nyumba. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari lake liliungua moto na mkono wake wa kushoto ukaharibika, vidole viwili vikawa karibu havifanyi kazi. Akajifundisha upya kupiga, akitegemea vidole viwili vilivyobaki kwenye ile kasi tunayoisikia kwenye rekodi zake. Miaka yake ya mwisho aliishi kijiji kimoja kando ya Seine, na akafariki mwaka 1953.

Kijiji hicho ni Samois-sur-Seine.

Tamasha la kumkumbuka Django limekuwa likiwakusanya Wamanush na wapenzi wao, wakapiga kambi, wakawasha moto na kupiga magitaa hadi usiku wa manane. Msichana aliyekulia pale alikuwa akienda kukaa nao. Cyrille Aimée alipofika Marekani, basi, alikuwa tayari ana jazz ndani yake, na ilikuwa jazz ya Ufaransa. Mwaka 2014, alipotoa albamu yake ya kwanza na lebo ya Mack Avenue, *It's a Good Day*, bendi yake ilikuwa na magitaa matatu. Mmoja wa wapigaji, Adrien Moignard, ni mwanafunzi kindakindaki wa mtindo wa Django. Wamarekani waliisikia kama kitu kipya. Kwa mtu wa Samois ilikuwa sauti ya nyumbani.

Je, kwao walimkataa?

Kabla ya Marekani kulikuwa na televisheni. Ufaransa ina shindano liitwalo Star Academy, lililoanza mwaka 2001, ambalo linawafungia vijana nyumba moja, linawafundisha kuimba na kuwatoa mmoja mmoja kwa kura. Lilikuwa likitazamwa na mamilioni. Cyrille alipita kwenye mchujo mpaka mlangoni, akawekewa mkataba mezani. Akakataa kusaini.

Watu hulisimulia hili kama ujasiri wa msanii. Mimi naliona zaidi kama hesabu nzuri. Mikataba ya maonyesho ya aina ile humfunga msanii kwa muda: nani arekodi naye, aimbe nini, jina litumike vipi. Kwa mwimbaji wa pop hiyo inaweza kuwa bei halali ya kujulikana nchi nzima kwa miezi mitatu. Kwa mtu ambaye kazi yake inategemea kuimba leo na huyu kesho na yule, ni kujifunga miguu kabla ya mbio.

Kuna na sababu nyingine ambayo haihusu tabia ya mtu. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1994, iliyoanza kuzibana redio mwaka 1996, ilizitaka redio zinazopiga muziki wa kisasa zihakikishe asilimia 40 ya nyimbo zake ziwe za Kifaransa. Baadaye baadhi ya redio zikakubaliwa kiwango cha 35. Lengo lilikuwa kuilinda lugha dhidi ya mafuriko ya Kiingereza, na kwa hilo ilisaidia sana, hasa vijana wa rap. Lakini itazame kutoka upande wa Mfaransa anayeimba nyimbo za Broadway: kwenye fungu la Kifaransa hahesabiwi, na kwenye fungu lililobaki anashindana na Beyoncé.

Kwa hiyo akaenda New York, akasoma jazz katika chuo cha Purchase, kimoja cha vyuo vikuu vya jimbo hilo, kilicho mwendo wa treni kutoka Manhattan. Treni hiyo ina maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu masomo yenyewe yapo usiku, mjini.

Katika mtaa wa Greenwich Village, New York, kuna klabu iitwayo Smalls. Ipo chini ya ardhi, unashuka ngazi, na ndani wanaenea watu wachache waliobanana. Baada ya onyesho la jioni, klabu kama hizi huachia jukwaa kwa yeyote anayeweza. Mwimbaji anapanda, anamnong'oneza mpiga kinanda jina la wimbo na ufunguo, anagonga vidole kuonyesha mwendo, wanaanza. Huenda hawajawahi kuonana. Mwimbaji anauimba wimbo mara moja mwanzo mpaka mwisho, anampisha mwenye saksafoni, kinanda kinafuata, besi inafuata, kisha wanapokezana vipimo vinne vinne na mpiga ngoma, halafu mwimbaji anarudi kuufunga. Ukiweza hivyo usiku mmoja, kuna mtu ukumbini atachukua namba yako. Ukishindwa, hakuna atakayekuzomea, ila simu haitapigwa. Hakuna chuo kinachoweza kutengeneza hali hiyo, na hakuna miji mingi duniani yenye wanamuziki wengi kiasi hicho ndani ya eneo dogo. Cyrille aliimba Smalls mpaka akarekodi albamu humohumo, na mpiga tarumbeta aliyekuja kupiga naye ni Roy Hargrove, mmoja wa wakubwa wa kizazi chake.

Mashindano yanasaidia nini

Angalia mtiririko wake. Mwaka 2007 alishinda mashindano ya waimbaji katika tamasha la Montreux, Uswisi, na fedha za ushindi zikamsaidia kurekodi albamu yake ya kwanza. Mwaka 2010 alikuwa wa tatu kwenye mashindano ya Thelonious Monk, Washington. Mwaka 2012 akashinda mashindano ya Sarah Vaughan yaliyofanyika Newark, New Jersey, na hayo ndiyo yalikuwa yanafanyika kwa mara ya kwanza.

Hapa majaji ni wanamuziki, na hawamtafuti nyota wa simu za mashabiki. Ushindi unafungua milango ya aina nyingine: waandaaji wa matamasha wanakujua, magazeti yanaandika, na karatasi hizo zote zinaingia kwenye bahasha ya viza.

Naam, viza. Mwanamuziki mgeni anayetaka kufanya kazi Marekani mara nyingi huanza na viza ya mwanafunzi, na akihitimu anaweza kuruhusiwa mwaka mmoja wa kufanya kazi katika fani aliyosomea. Baada ya hapo njia inayotumiwa sana ni viza ya O-1, ya watu wenye kipaji cha pekee. Hawezi kujiombea mwenyewe. Lazima mwajiri au wakala aliyepo Marekani amwombee, aonyeshe ratiba ya kazi zinazomsubiri, barua za watu wazito wa fani, maandishi ya magazeti, tuzo. Ikikubaliwa hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha inaongezwa. Kwa mwimbaji, kombe la mashindano kwenye kabati ni pambo, lakini nakala yake kwenye bahasha hiyo ni nusu ya kibali cha kula.

Wa kwanza kwenye yale mashindano ya Monk ya mwaka 2010 alikuwa Cécile McLorin Salvant, na hadithi yake ni hii ya Cyrille iliyogeuzwa. Alizaliwa Miami, baba kutoka Haiti, mama Mfaransa. Mwaka 2007 alihamia Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, na ni huko, kwa mwalimu Mfaransa, alikojifunza jazz. Akarudi Marekani akawashinda Wamarekani, na baadaye akachukua Grammy tatu. Mwaka 2023 alitoa albamu ambayo sehemu kubwa ameimba kwa Kifaransa. Sasa huyo ni mwimbaji wa wapi? Kwa vile vitu vinne tulivyoanza navyo, kila kimoja kitakupa jibu lake.

Pesa

Hapa ndipo penye kuchanganya zaidi, kwa hiyo twende taratibu. Rekodi moja ya wimbo ina mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, na mwenyewe ni mtunzi. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, na mwenyewe ni aliyeigharimia, mara nyingi lebo. Mwimbaji asiye mtunzi na asiye mwenye rekodi hana hisa kwenye mali zote mbili, isipokuwa kwa kile mkataba na sheria zitakachomkatia.

Haki ya mtunzi tunaijua zaidi kwa jina la mirabaha, na Wafaransa ndio walioifanya iwe na meno. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikwenda kwenye mgahawa wa Ambassadeurs, Paris, akaagiza maji ya sukari. Wakati anakunywa, wanamuziki wa mgahawa walikuwa wakipiga nyimbo zake na za wenzake. Bili ilipoletwa akakataa kulipa: ninyi mnatumia muziki wangu bure, na mimi natumia maji yenu bure. Kesi ikafika mahakamani, mahakama ikaona ana hoja. Mwaka 1851 kikaundwa chama cha kukusanya mirabaha, SACEM, ambacho kipo mpaka leo. Vyama vya namna hiyo duniani vinafanya kazi juu ya wazo lilelile la bilauri ya maji ya sukari.

Sasa mlete Cyrille Aimée wa mwaka 2019. Alitoa albamu nzima, *Move On*, ya nyimbo za Stephen Sondheim, mtunzi mashuhuri wa tamthilia za Broadway ambaye Cyrille aliwahi kuimba nyimbo zake jukwaani New York mwaka 2013 pamoja na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis. Albamu ilisifiwa sana. Lakini kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kila nakala ya wimbo usiozidi dakika tano ikiuzwa, senti 9.1 za dola zilikwenda kwa mwenye utunzi. Chukua albamu yenye nyimbo kumi: senti 91 kwa kila santuri zinakwenda upande wa Sondheim, ambaye sasa ni marehemu na haki zimebaki kwa warithi, kabla mwimbaji hajagawana na yeyote. (Kiwango kilipandishwa mwaka 2023, kikaanzia senti 12.)

Redioni ni hatari zaidi. Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi, lakini mwimbaji hazimlipi hata senti, wala lebo. Ufaransa imekuwa na malipo hayo kwa sheria tangu mwaka 1985. Marekani inalipa kwenye redio za intaneti na satelaiti tu, ambako mgawo ni asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapigaji waliomsindikiza. Kwa hiyo mwimbaji wa jazz anayejigharimia rekodi yake, ambaye watu humwonea huruma kwamba hana lebo, anaweza kuwa anachukua 95 hapo.

Na Grammy? Mwaka 2020 wimbo mmoja wa albamu hiyo ya Sondheim uliingia kwenye kinyang'anyiro cha mpangilio bora wa ala na sauti, kazi aliyoifanya na mpiga gitaa Mbrazili, Diego Figueiredo. Tuzo ikaenda kwa Mwingereza, Jacob Collier. Hata kama wangeshinda, Grammy haina bahasha ya fedha. Thamani yake ni kwamba wakala akipiga simu ya tamasha, bei ya kuanzia inapanda.

Kinachobaki, na hiki ndicho chakula chenyewe, ni jukwaa: klabu, kumbi, matamasha ya kiangazi ya Ulaya, madarasa ya kufundisha waimbaji wachanga. Mwimbaji wa jazz anaishi kwa kusafiri. Na huko kwenye kusafiri kuna kitu ambacho Mfaransa anayehamia Marekani anakiacha nyuma, na Wafaransa wenzake humshangaa kwa hilo. Ufaransa ina bima ya kukosa kazi kwa ajili ya wasanii. Ukifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, unalipwa posho kwa siku zile ambazo huna onyesho. Onyesho moja linahesabiwa saa 12, kwa hiyo maonyesho 43 yanakuingiza. Ukiwa na 42 umepungukiwa saa tatu. Saa alizoajiriwa na klabu ya New York hazihesabiwi. Kwa maneno mengine, aliyebaki Paris akiugua mafua Februari ana pa kushika. Aliyehama anapiga simu kuahirisha onyesho, na siku hiyo haina malipo.

Ndiyo maana ile kauli ya "kwao alishindwa, akakimbilia Marekani" huwa inanichekesha. Kimaslahi, kukimbilia kwenyewe kulipaswa kuwa upande wa pili.

Kutoka mkono hadi mapishi

Akiwa New Orleans, Cyrille alifanya kazi na orkesta ya jazz ya mji huo inayoongozwa na Adonis Rose, na mwaka 2021 wakatoa albamu iliyobeba jina la *Petite Fleur*. Wimbo huo ni wa Sidney Bechet, mpiga klarineti na saksafoni aliyezaliwa New Orleans mwaka 1897. Bechet alikwenda Ufaransa miaka ya 20, akafukuzwa baada ya kufungwa jela kwa kurushiana risasi na mwanamuziki mwenzake mitaani Paris, kisha akarudi tena huko mwanzoni mwa miaka ya 50 na safari hii akapokelewa kama mfalme. Aliutunga wimbo huo akiwa Mfaransa kwa makazi, na akafia karibu na Paris mwaka 1959. Mtu wa New Orleans aliyekwenda kuishi Ufaransa, anaimbwa na mtu wa Ufaransa aliyekwenda kuishi New Orleans, kwa orkesta ya vijana wa nyumbani kwa Bechet. Ukijaribu kuupa wimbo huo uraia utashinda siku nzima.

Mwaka 2024 ndipo alipogeuza kazi. Albamu ya *À Fleur de Peau* imejengwa juu ya nyimbo alizotunga mwenyewe, baada ya miaka kama kumi na mitano ya kurekodi zaidi za wengine. Kwa mtu wa pop hilo si habari. Kwa mwimbaji wa jazz ni kuhama mtaa: sasa hana pa kujificha nyuma ya jina la Sondheim, na msikilizaji hawezi tena kulinganisha toleo lake na la Ella. Upande wa pili wa shilingi ni ile mali ya kwanza tuliyoitaja. Redio ya Marekani ikiupiga wimbo wake, analipwa kama mtunzi. Mwimbaji mwingine akiuchukua, analipwa. Mgahawa wa Paris ukiupiga wakati wateja wanakunywa, pia analipwa.

Anayetaka kusikia tofauti kwa masikio yake asianze na hiyo ya mwisho. Aanze na ile ya mwaka 2014, asikilize magitaa matatu yanavyosukumana na namna sauti inavyoingia katikati bila kusukuma. Kisha ya Sondheim, asikilize anavyouacha wimbo wa mtu mwingine ubaki wa mwenyewe huku akiugeuza. Halafu ndipo aje kwenye ya mwaka 2024. Ataona skati imepungua, na maneno yameongezeka.